Kwaresima ya Mahindi ya Njano

Mwanangu, siku niliyohesabu chane moja ya ndizi mara mbili nikapata majibu mawili naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Harusini walihesabu wengine. Sokoni nilikuwa nahesabu mimi, na kati ya wanawake wote wa Ngara waliokuwa wakipeleka ndizi kwenye soko la karibu na kambi ya wakimbizi, hakuna mteja aliyewahi kunirudia akasema nimekosea. Mara ya kwanza nilihesabu kwa ajili ya mnunuzi. Mara ya pili nilihesabu kwa ajili yangu. Hesabu zikipatana, ndipo ndizi zinatoka mkononi.

Siku hiyo hazikupatana, na nusura mtoto wangu alipe.

Nakueleza haya kwa sababu Kwaresima inakaribia, na nimesikia umeanza kuwatangazia wenzako utakachoacha mwaka huu. Kutangaza hakuna kazi. Mimi pia nilitangaza, tena kwa sauti.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Wenzetu wa Burundi walikuwa wamevuka mpaka na vichwa vyao tu na watoto wao, na vilima vya kwetu vilivyokuwa na nyasi na mbuzi vikafunikwa na maturubai. Kambini walipewa mgao: mahindi ya njano, njegere kavu zilizopasuliwa, mafuta ya kupikia. Ndizi hawakupewa. Sasa fikiria mtu aliyezaliwa kwenye migomba, akakulia kwenye migomba, umpe mahindi makavu asubuhi na jioni. Walikuwa wakiuona mkungu wa ndizi wanauangalia kama ndugu aliyepotea. Sisi wenyeji tulikuwa na ndizi na hatukuwa na mahindi ya kutosha. Soko likajizaa lenyewe pale kando ya barabara: lete ndizi, chukua mahindi, kwa kipimo cha kopo tupu la mafuta. Ukitaka kujua umri wa makopo yale, angalia yalivyobonyezwa pembeni. Kila kopo lililobonyea lilikuwa la muuzaji mwenye akili.

Nilikuwa mwanamke kijana, mwenye mtoto wa kwanza mgongoni. Huyo ni Devota, unayemjua wewe kama shangazi mkali. Wakati huo hakuwa na meno, ukali alikuwa nao.

Jumatano ya Majivu padri alituhubiria kwamba Kwaresima hiyo si ya kucheza. Alisema wageni wako mlangoni, kila mtu aache kitu anachokipenda, na kile alichokiacha kiwafikie wao. Watu wengine walisikia mahubiri. Mimi nilisikia nafasi. Nikiacha kula ndizi mpaka Pasaka, nilijiambia, Mungu anapata sadaka yake, wageni wanapata ndizi zaidi, na mimi napata mahindi zaidi ya kuweka ghalani. Pande tatu zinafaidika na hakuna anayelia. Nilishangaa kwamba watakatifu hawakuliona jambo hilo mapema.

Kwa hiyo tulipokutana kwenye jumuiya, nilisimama mbele ya majirani nikasema: mpaka Pasaka sionji ndizi, sinywi chai, nitakula mara moja tu kwa siku, jioni, mahindi ya njano ya kuchemsha na njegere, kama wanavyokula wenzetu kambini. Wanawake wakatazamana. Muhangaza, mtu wa Ngara, kuacha ndizi siku zote hizo ni kama samaki kusema ataacha maji. Devota mgongoni akapiga chafya. Ningekuwa msikivu ningemuuliza na yeye maoni yake.

Sikuongea na mtu yeyote kabla ya hapo. Sikumuuliza katekista, wala mama yangu, wala mwili wangu.

Mwili ulijibu siku iliyofuata. Kichwa kilianza kunigonga kabla ya saa nne asubuhi, hapa juu ya macho, kwa sababu nilikuwa nimezoea chai nzito ya asubuhi nikaikata kama mtu anayekata kamba. Nikasema ni dhambi inatoka. Siku iliyofuata kichwa bado, na tumbo limejaa upepo kama mpira wa shule. Yale mahindi wenzetu kambini waliyaloweka usiku kucha, wakayachemsha mpaka yakapasuka. Mimi niliona kuni zinaisha bure, nikayatoa yakiwa bado yanabishana na meno. Yakaingia tumboni yakakaa. Nilienda chooni nikarudi kama nilivyokwenda. Mdomo ukaanza kunuka mpaka mume wangu akawa anaongea na mimi akiwa mlangoni. Jioni nikisimama baada ya kuinama, dunia inazunguka kidogo halafu inarudi mahali pake. Nikasema hii sasa ni roho inapanda.

Unacheka. Nami leo nacheka. Lakini sikiliza jinsi mtu anavyojidanganya: kila dalili ambayo mwili ulinipa nikaibandika jina la kanisani. Njaa niliiita unyenyekevu. Baridi iliyonikaa mgongoni mchana wa jua niliiita utulivu. Hasira nilizokuwa nikimwagia mume wangu sikuzipatia jina, ila yeye jina analo, muulize.

Na Devota akawa analia. Ananyonya kidogo, anaachia, analia, anarudi, anaachia. Nikasema ni meno yanakuja. Halafu akaanza kulia kidogo kuliko kawaida na kulala zaidi. Hapo nikasema afadhali, mtoto ametulia, naye anaijua Kwaresima.

Mwanangu, nisikilize hapo tena. Mtoto alikuwa anaishiwa nguvu ya kulia, na mama yake akashukuru.

Sasa nikutambulishe kwa Bi Zaituni. Alikuwa mkimbizi, mwanamke mzee kutoka Bujumbura, Mwislamu, mwembamba kama mpini, na Kiswahili chake kilitiririka kuliko chetu sisi tuliokipata kwa chaki darasani. Alivuka mpaka na wajukuu zake. Mwaka ule mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeingia ndani ya Kwaresima yetu, kwa hiyo yeye alikuwa amefunga na mimi nimefunga, tukitazamana juu ya mikungu ya ndizi. Alikuja sokoni kila alasiri kutafuta ndizi za futari ya wajukuu. Hakuna mtu aliyenitesa kwenye kupatana kama yeye, na hakuna niliyemsubiri kwa hamu kama yeye. Siku asipokuja nilirudi nyumbani na maneno mengi ambayo hayajatumika.

Siku hiyo alikuja na mahindi yake kwenye kitambaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mama Devota. Leo ndizi zako fupi kama vidole vya mtoto."

"Ni fupi kwa sababu zimejaa. Ndefu zina maji."

"Basi nipe hizo zilizojaa kwa kipimo cha zile za maji."

"Bibi, hilo kopo lako lenyewe lina tumbo limeingia ndani."

"Limefunga," akasema. "Mwezi mtukufu huu, hata kopo."

Tukaendelea hivyo mpaka tukapatana. Nikampa chane ya kwanza, nikachukua ya pili nikahesabu ndizi kwa kidole: kumi na sita. Nikahesabu kwa ajili yangu: kumi na tisa. Nikaanza tena, na katikati namba zikanitoroka. Nilikuwa nimeshika ndizi na sijui kama nimeihesabu au bado. Macho yalikuwa yanaona chane mbili, moja nyuma ya nyingine.

Bi Zaituni aliweka kapu lake chini. Akaichukua ile chane, akahesabu mwenyewe polepole, akanionyesha. Kumi na sita. Halafu akatoa kwenye kapu lake chane niliyokuwa nimempa mwanzo, akaihesabu nayo, akaziweka mbele yangu ndizi zilizozidi.

"Ulikuwa unanizidishia," akasema. "Mama Devota anayenipunja nimemzoea. Anayenizidishia ananitia hofu. Umekula nini leo?"

"Bado. Nimefunga, kama wewe."

"Kama mimi," akasema. Akazunguka nyuma yangu. "Na huyu mgongoni, naye amefunga?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mteremshe."

Nikamfungua Devota. Bi Zaituni akamkalisha mapajani, akapitisha kiganja juu ya kichwa chake, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kwenye unga. Akaushika mkono wangu akaniwekea vidole pale utosini. Palikuwa pamebonyea. Palikuwa na kishimo ambamo maji ya mvua yangeweza kutuama.

"Leo amekojoa mara ngapi?"

Hapo ndipo niliposhikwa, mwanangu. Mimi niliyejua mikungu mingapi imebaki shambani na mingapi imekomaa, niliyejua kopo la nani limebonyea upande gani, sikuwa na jibu. Nilitafuta kwenye kumbukumbu nguo mbichi ya asubuhi, sikuipata. Nikatafuta ya jana jioni. Kitu pekee kilichostahili kuhesabiwa mara mbili sikuwa nimekihesabu hata mara moja.

Nikajitetea, kwa sababu mdomo wa muuzaji haufi haraka. Nikasema nimeahidi mbele ya watu, mbele ya Mungu, siwezi kurudi nyuma.

"Uliahidi nini?"

"Chakula changu."

"Chakula chako, sawa. Na haya maziwa uliyoyafungia humo ndani ya ahadi ni ya nani?"

Nikatazama kifua changu.

"Kwetu," akasema, "mama anayenyonyesha akiogopa kwamba yeye au mtoto atadhurika, anakula. Siku zake atazilipa baadaye, akiwa na nguvu."

Hapo masikio yangu yakasimama, hata katika hali ile. "Mungu wenu anakopesha?"

"Anakopesha. Na hatozi riba." Akamfunika Devota kwa upande wa khanga yake. "Unadhani ulikuwa unapatana naye? Hukupatana naye wewe. Ulikuwa unapatana peke yako pande zote mbili, na umejipunja. Inuka twende kwa muuguzi."

Aliyaacha mahindi yake pale pale kwa jirani, akabeba kapu lake, tukaenda kwenye hema la zahanati. Nilitembea nyuma yake na jua lilikuwa limeelemea upande. Yeye alikuwa hajatia tone la maji mdomoni tangu kabla ya alfajiri, ni mzee, na mimi kijana ndiye niliyekuwa nasimama kupumzika. Nikamuuliza inakuwaje. Akanijibu bila kugeuka: "Mimi niliutaarifu mwili wangu kabla ya mwezi kuandama. Chai nilipunguza kidogo kidogo, kikombe kikawa nusu, nusu ikawa robo. Usiku nakunywa maji. Daku nakula kitu kinachokaa. Wewe umeubadilishia mwili mzigo wote asubuhi moja, halafu unashangaa unapepesuka."

Muuguzi alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Alimpima Devota, akamvuta ngozi ya tumbo kidogo akaangalia inavyorudi, akaniuliza maswali yale yale ya Bi Zaituni. Akasema mtoto hana homa, amepungukiwa maji, anyonye mara kwa mara hata kama anapata kidogo, na dawa ya maziwa ni mama kula na kunywa. Nimrudishe kesho aangaliwe tena. Halafu akasema, "Umewahi." Hakusema nimewahi nini. Sikumuuliza, na namshukuru hakuniambia.

Tulipotoka pale nilikuwa tayari kuvamia chungu kizima cha ndizi na maharage. Bi Zaituni akanizuia mkono. Tumbo lililokaa na mahindi magumu siku zote hizo, alisema, ukilitupia chungu kizima litakulaza chini. Akanipa maji kwanza. Akanitafutia kikombe cha uji mwepesi kwa mama mmoja mle kambini. Kisha akatoa kwenye kapu lake ndizi mbivu moja, ya futari ya wajukuu wake, akanimenyea. Yeye mwenyewe bado amefunga, jua halijazama, ananimenyea mimi. Ndizi nimekula nyingi maisha yangu yote, lakini ile nikiwekewa katikati ya nyingine leo nitaitambua.

Maziwa hayakurudi kwa mara moja. Siku ya kwanza nilikunywa maji mpaka nikachoka. Nikala ndizi laini kidogo, nikanyonyesha, nikala tena, nikanyonyesha. Mahindi niliyaloweka kama watu wenye akili. Tulirudi kwa muuguzi kama alivyosema, akanitazama bila kukunja uso. Kabla Jumapili haijafika, nikiwa nimekaa kwenye benchi la jikoni, nikasikia sauti ambayo nilikuwa sijaisikia siku nyingi: mtoto anameza. Siyo kunyonya, kumeza, ile sauti ya koo inayoshuka. Nikanyamaza nisiikatize. Na Jumapili yenyewe, katikati ya misa, Devota alikojoa kwenye kitenge changu kipya cha kanisani, mkojo ukanifika mpaka miguuni. Nilikaa nacho hivyo hivyo mpaka baraka ya mwisho. Mama aliyekuwa pembeni yangu akasogea. Mimi nilikuwa nahesabu: moja.

Baada ya misa nilimfuata katekista, mzee wetu, nikamweleza yote. Akaniambia Kanisa halimlazimishi mama anayenyonyesha afunge, wala mgonjwa, wala mjamzito. "Ungeuliza," akasema. Na hilo ndilo lililokuwa kweli: sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu lake lisije likaniharibia hesabu.

Lakini moyo wangu haukutulia. Nilikuwa nimesema mbele ya watu kwamba nitaacha kitu kinachouma. Jumatatu nikamwambia Bi Zaituni, nitaacha nini sasa? Hakufikiri hata kidogo.

"Acha kupatana na mimi mpaka Pasaka yenu. Taja kipimo kimoja cha haki, basi."

"Bibi, hiyo ni sadaka au biashara?"

"Wewe ndiye uliyeanza kuvichanganya."

Nikakubali. Mwanangu, nimefunga chakula na nimefunga mdomo, na nakuambia mdomo ni mgumu zaidi. Siku za kwanza taya ziliniuma kwa kuzuia maneno. Yeye alinisimamia pale na lile kopo lake lililobonyea, akasifu hali ya hewa, na mimi nikatazama chini. Lakini kuna kitu kilitokea ambacho sikukitegemea. Mtu asiyepata wa kushindana naye alianza kushindana na nafsi yake. Lile kopo likaanza kuja limejaa. Halafu likaanza kuja limejaa mpaka linamwagika. Siku ya Idi alinitumia mjukuu wake na bakuli la wali, Mungu anajua aliupata wapi. Na Jumatatu ya Pasaka nilipofika sokoni nilimkuta amekaa ananisubiri tangu asubuhi. "Haya," akasema, "sasa litukane kopo langu, nimechoka kuwa mwema." Tulipatana siku hiyo mpaka watu wakakusanyika.

Alirudi kwao baadaye, wakati watu walipoanza kurudi. Sisi tukahamia huku Bisibo, upande wa Biharamulo, na Devota amezaa watoto wake. Kila mmoja wa wajukuu wangu hao nimempapasa utosi.

Basi chukua hiki nilichonacho. Funga, mwanangu, kama moyo wako unakutuma. Sikukatazi, nimefunga Kwaresima nyingi tangu ile na zimenifaa. Ila kabla hujatangaza, uulize kwanza mwili wako unabeba nini na unambeba nani. Kama unanyonyesha, kama una mimba, kama unameza dawa za kila siku au una ugonjwa wa sukari, nenda kwa padri au shehe wako, na nenda kwa daktari pia, wote wawili, usichague anayekujibu unavyotaka. Kama una afya, utaarifu mwili mapema. Punguza chai leo kidogo na kesho kidogo. Usibadilishe chungu chote siku moja. Kunywa maji saa zile unazoruhusiwa. Nafaka kavu iloweke na uiivishe, kuni zinapatikana, tumbo unalo moja. Ukifungua, anza na kilicho laini, subiri, ndipo ule. Kichwa kikiuma siku za mwanzo hilo linajulikana, litapita. Lakini ukiona unapepesuka, au hesabu zinakutoroka, au mtoto ametulia bila sababu, hiyo si roho inapanda. Huo ni mwili unagonga mlango, fungua. Mungu hakosi siku nyingine ya kukupokea.

Na ukitaka kitu kinachouma kweli, tafuta kile kinachokuuma wewe peke yako. Bi Zaituni alikiona cha kwangu mara moja, kilikuwa kinatoka mdomoni.

Mungu akujalie afya ya kufunga na akili ya kufungua. Akupe maji ya kutosha, chungu kisichokauka, na watoto wenye kulowanisha kitenge chako kila Jumapili. Na siku utakapohesabu vibaya, maana siku hiyo inakuja hata kwetu tunaohesabu mara mbili, akuletee mtu mkaidi, mwenye kopo lililobonyea, akuhesabie tena.